Kichwa cha treni cha mjomba, na sentensi yangu moja

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni. Nataka kuwasimulia habari za treni, na habari za sentensi moja niliyoiandika vibaya gazetini.

Tuanze na jiografia kidogo. Kwetu Sumbawanga hakuna treni. Haijawahi kufika. Ukiwa pale mjini ukataka kuona reli kwa macho yako, una njia mbili. Unaweza kupanda basi la kwenda kaskazini, kama kilomita 240, hadi Mpanda, ambako tawi la reli lililochepuka Kaliua lilifika mwaka 1950 likifuata madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Au unapanda basi la kwenda kusini mashariki, kama kilomita 220, hadi Tunduma, ambako inapita TAZARA, iliyojengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia. Sisi tuko katikati, juu ya uwanda wetu wenye baridi, tunawasikilizia wenzetu.

Cha kuchekesha ni kwamba hizo reli mbili hazilingani. Ya Mpanda ina upana wa milimita 1,000 kutoka chuma hadi chuma. Ya Tunduma ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, vidole vinne tu vya mkono, lakini behewa la huku haliwezi kutembea kule. Ndiyo maana mwaka 1998 kilifunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana. Vidole vinne!

Sasa tuje kwa mjomba.

Mjomba wangu alifanya kazi karakana ya TAZARA Mbeya tangu 1979 mpaka alipostaafu. Akarudi Sumbawanga, akajenga Katandala, na uani akaweka chumba kimoja ambacho shangazi anakiita stoo na yeye anakiita karakana. Humo ndani kuna meza ya mninga, jiliwa, tupa ndogo ndogo, chuma cha kulehemu, redio moja isiyozimwa, na ubao mrefu wenye reli. Reli za treni ndogo. Upana wake ni milimita 16.5, ndizo zinazotumiwa na wengi duniani kwa treni za mfano.

Binamu yangu anayesoma Ujerumani ndiye aliyemletea, pamoja na kichwa kimoja cha treni kilichotumika. Wajerumani wana historia ndefu na mchezo huu. Kampuni ya Märklin ndiyo iliyoonyesha kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891 treni za kuchezea zenye vipimo vya reli vilivyopangwa kwa namba, ili mtoto aliyenunua reli leo aweze kununua behewa mwakani na likatembea. Ujanja huo wa kukubaliana vipimo ndio ulioufanya mchezo uwe mkubwa. (Wakoloni waliotujengea reli wangeweza kujifunza kitu hapo, lakini tuyaache.)

Mjomba alipopata zile reli alichukua kalamu kwanza kabla ya bisibisi. Kwa kipimo cha kawaida cha 1 kwa 87, milimita 16.5 zinawakilisha reli pana ya Ulaya, milimita 1,435, ambayo ndiyo ya SGR yetu pia. Hiyo hakuitaka. Akapiga hesabu: ukitumia kipimo cha 1 kwa 64, milimita 16.5 zinakuwa 1,056. TAZARA ni 1,067. Tofauti ni milimita 11, na ukizipunguza mara 64 hakuna jicho litakaloziona. Basi reli ya Mjerumani ikageuka TAZARA kwa kalamu na karatasi tu.

Sasa sentensi yangu. Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kwenye chumba cha habari nikaambiwa niandike aya chache za historia, haraka, ukurasa unafungwa. Nikaandika, pamoja na mengine, kwamba vichwa vya treni vilivyoletwa na Wachina "vilishindwa kazi na kubadilishwa na vya Kijerumani". Nikaenda kula.

Desemba nikaenda likizo nyumbani. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba. Kaa." Kwenye meza ya mninga kulikuwa na kipande cha gazeti, sentensi yangu imepigiwa mstari kwa penseli ya fundi. "Hii ni ya kwako?" Nikasema ndiyo. "Vilishindwa?" Nikanyamaza. Akanisogezea kiti.

Naomba niwape kwanza historia ambayo wengi mnaijua. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia, ambayo njia yake ilipita kwao, ikawa imekabwa koo. Nchi za Magharibi zilikataa kujenga reli ya kwenda Dar es Salaam, zikisema hailipi. China ikakubali mwaka 1967, ikatoa mkopo usio na riba, kazi ikaanza 1970 na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Kwenye vitabu vya shule hadithi inaishia hapo: Mwalimu na Kaunda wanapunga mikono, treni inapita.

Kwa mjomba hadithi ndiyo kwanza inaanza.

Vichwa vilivyokuja na reli vilitengenezwa Qingdao. Viliitwa DFH, kifupi cha Dongfanghong, yaani Mashariki ni Mwekundu. Vilikuwa dizeli-haidroliki. Nilikuwa sijui maana yake, akanieleza. Kwenye dizeli-umeme, injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwenye dizeli-haidroliki hakuna umeme wa kusukuma magurudumu. Injini inasukuma mafuta ndani ya giaboksi kubwa, na kutoka hapo propela zinashuka mpaka kwenye magurudumu, kama Scania.

Reli hiyo ina mlima mmoja ambao kila dereva wa TAZARA anauota usiku. Ukitoka bonde la Kilombero pale Mlimba unaanza kupanda kwenda Makambako, na sehemu kubwa ya mahandaki ya njia nzima iko hapo. Kwa mizigo mizito nguvu za DFH hazikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikaanza kuja vichwa vya dizeli-umeme aina ya U30C, usanifu wa General Electric, vilivyojengwa Ujerumani na Krupp, vyenye nguvu farasi 3,000. Hapo ndipo nilipoikamata historia na kuikatisha: Mchina ameshindwa, Mjerumani ameingia.

"Umeruka ukurasa mzima," alisema mjomba. Kwa sababu DFH hazikutupwa. Baadhi zilitolewa injini za awali zikafungwa injini mpya za MTU, za Kijerumani. Mwili ule ule wa Qingdao, fremu ile ile, magurudumu yale yale, moyo mwingine. Jaribuni kupata picha ya kazi hiyo. Injini mpya haina umbo la ile ya zamani. Vitako vyake haviingii kwenye matundu yaliyopo. Mabomba ya maji yanatokea upande mwingine. Uzito ukibadilika upande mmoja, gurudumu moja linabeba zaidi na jingine linateleza. Na baada ya kufunga kuna miaka ya kukitunza kichwa ambacho kitabu chake cha maelekezo kimeandikwa nusu kwa Kichina na nusu kwa Kijerumani, na fundi ni Mnyakyusa, Mbemba au Mfipa.

"Sasa niambie mjomba," akaniuliza, "hicho ni kichwa cha nani?"

Sikuwa na jibu. Na si TAZARA peke yake. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na zile injini kubwa za mvuke za daraja la 59, 34 zilizojengwa na Beyer Peacock, Uingereza, kati ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na jina la mlima. Ukienda leo makumbusho ya reli Nairobi utazikuta mbili zimepumzika, Mount Gelai na Mount Shengena. Injini nyingi za shirika hilo zilibadilishwa bomba la moshi, zikawekewa lile bapa lililobuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, ili zivute hewa vizuri na kula mafuta kidogo. Watu wanapiga picha ya jina la mlima. Wachache wanaangalia bomba.

Turudi uani Katandala. Kichwa kile cha mfano kilipofika kilikuwa kinatembea, lakini vibaya. Ukikiwasha kinakurupuka kama mbuzi aliyekata kamba, halafu kinasimama kwenye kila kiungo cha reli. Mjomba akakifungua. Akacheka mwenyewe alipoona ndani: mota moja katikati, propela mbili zinakwenda mbele na nyuma, gia kwenye kila boji. Yaani kidude kile ni ndugu wa dizeli-haidroliki! Hapo ndipo alipoamua kukifanya DFH, na si ile DFH ya siku ya makabidhiano, bali ile iliyofungwa injini ya Kijerumani.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mota ya zamani ilikuwa inakula milliampia 400 bila kuvuta kitu, akaiondoa akaweka iliyotoka kwenye printa mbovu, sasa inakula 180. Umeme ulikuwa unaingia kwa magurudumu machache tu, akakata vipande vyembamba vya shaba vyenye kunesa, akavilehemu vikigusa kila gurudumu. Akapeleka kipande cha shaba mjini kwa fundi wa kukereza, akapata gurudumu zito la kufunga kwenye mhimili wa mota, ili likishazunguka lisaidie kuvuka sehemu chafu. Gia alizisafisha kwa mswaki, akaweka tone moja la mafuta kwa njiti ya meno. Tone moja tu, maana mafuta yakizidi yanahamia kwenye magurudumu na kichwa kinateleza. Kisha nusu saa mbele, nusu saa nyuma, bila mzigo, gia zizoeane. Umeme ukikatika anatumia betri ya gari, volti ni zile zile 12.

Mwisho uzito. Kichwa chepesi hakivuti. Akakusanya kwa mafundi matairi vile vipande vya risasi vya kubalansi, akaviyeyusha nje, upepo ukiwa mgongoni kwa sababu moshi wake ni sumu, akamimina kwenye kalibu ya udongo. Nilipokuwa nikimwangalia nikakumbuka Mpanda. Reli ya kaskazini ilifuata risasi, ya kusini ilifuata shaba, na hapa katikati, ambapo hakuna reli hata moja, mzee amezipakia zote mbili kwenye kichwa kinachokaa kwenye kiganja. Nikamwambia. Akasema, "Shika tochi vizuri."

Ila kuna jambo moja alilosema lililonikaa. Wazee wetu Wafipa walikuwa wafua chuma, na mpaka leo porini huko Nkansi malungu yao bado yamesimama. Ilungu ni tanuru la udongo lirefu kuliko mtu, na halikuhitaji mivukuto, hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini. Lakini chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kina takataka. Kilipelekwa kwenye tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, lenye mivukuto, kikayeyushwa tena na kusafishwa, ndipo mhunzi akapata jembe. Wageni wanaokuja kupiga picha wanapiga ilungu kwa sababu ni kubwa. Kintengwe nyingi hazionekani tena. "Na wewe gazetini," akasema mjomba, "umepiga picha ilungu."

Basi wadau, gazeti halirudi nyuma kusahihisha aya ya historia ambayo hakuna aliyeilalamikia. Nasahihisha hapa. Vichwa vya DFH havikushindwa tu vikaondoka. Nguvu zake hazikutosha mlima wa Mlimba, na baadhi yake vilibadilishwa injini na kuendelea kufanya kazi mikononi mwa mafundi wa Tanzania na Zambia, ambao majina yao sijayaona kwenye kitabu chochote nilichosoma. Reli ikifufuliwa na vichwa vipya vikija, navyo vitafika siku moja kwenye meza ya fundi. Nitajitahidi niwepo na daftari.

Jioni ya mwisho ya likizo tulikijaribu. Mjomba aliinua upande mmoja wa ubao kwa vitabu, sentimita mbili kwa kila mita, akauita Mlimba. Mabehewa manne yakapanda. Matano. Sita. Kwenye la saba magurudumu ya nyuma yakateleza, kichwa kikasimama katikati ya mlima kikinguruma.

Nilidhani atasikitika. Alikuwa ameshachukua bisibisi. "Boji ya nyuma ni nyepesi," akasema. "Kesho tunaongeza risasi."

Mimi kesho yake nilikuwa na basi la alfajiri. Alamsiki.