Ufuatiliaji wa macho

Ufuatiliaji wa macho ni njia ya kupima mahali mtu anapotazama, kwa muda gani na kwa mpangilio upi. Katika utengenezaji wa programu na tovuti, njia hii hutumika kutathmini kiolesura, yaani sehemu ya chombo ambayo mtumiaji huiona na kuiamrisha, kama vile skrini, menyu na vitufe. Huonyesha mambo ambayo mtumiaji mwenyewe mara nyingi hawezi kuyaeleza, kwa kuwa watu hawakumbuki kila walichokitazama.

Namna inavyofanya kazi

Kifaa cha kisasa humulika jicho kwa mwanga wa infraredi usioonekana. Kamera hupiga picha ya mboni pamoja na mng'ao unaorudi kutoka kwenye konea. Kompyuta hulinganisha mahali pa viwili hivyo na kukadiria kinachotazamwa. Kabla ya kuanza, mshiriki hutazama nukta kadhaa ili kifaa kirekebishwe kulingana na macho yake.

Jicho linaposoma halitelezi moja kwa moja. Husimama kwa kitambo kifupi, kwa kawaida milisekunde 200 hadi 300, kisha huruka mahali pengine. Vituo na miruko hiyo ndivyo vinavyorekodiwa. Matokeo huchorwa kama ramani ya rangi, ambapo nyekundu kwa kawaida huonyesha palipotazamwa zaidi, au kama mstari unaofuata safari ya macho.

Historia

Mwishoni mwa karne ya 19, katika maabara ya daktari Mfaransa Louis Émile Javal, ilionekana kwamba macho husoma kwa kurukaruka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Paul Fitts na wenzake walirekodi kwa filamu macho ya marubani waliokuwa wakitua, ili kujua vyombo vya ndege vipangwe vipi.

Mrusi Alfred Yarbus alionyesha kwamba mtu huyohuyo huitazama picha ileile kwa njia tofauti akiulizwa swali tofauti. Mwaka 2006 Jakob Nielsen alitangaza matokeo ya kuwafuatilia watumiaji 232: wengi walitazama kurasa za tovuti kwa umbo linalofanana na herufi F, wakizingatia zaidi sehemu ya juu na upande wa kushoto.

Mipaka

Macho huonyesha mahali, si sababu. Mtu akikazia macho neno moja kwa muda mrefu, huenda limempendeza au hakulielewa. Kwa hiyo watathmini humpa mshiriki kazi halisi ya kufanya, huhesabu makosa yake, na baadaye humwuliza maswali. Pia umbo la F haliwahusu wote: wasomaji wa Kiarabu, kwa mfano, huanzia kulia.

Afrika Mashariki na Ziwa Nyasa

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na wataalamu wa Ufini na Malawi ulitumia njia hii kwa watoto wachanga wa miezi 9 katika vijiji vya Malawi, nchi inayopakana na Ziwa Nyasa. Lengo lilikuwa kupima ukuaji wa akili, si kiolesura, lakini ulionyesha kwamba kipimo hiki kinaweza kufanyika nje ya maabara za nchi tajiri.

Upande wa Tanzania, wilaya ya Kyela hulima kakao na mpunga, na malipo mengi hupita kwenye simu. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na menyu yake hufunguliwa hata kwenye simu ndogo za vitufe kwa kubonyeza *150*00#. Kwenye simu hizo macho huhama kati ya skrini na vitufe, hivyo kifaa kilichofungwa chini ya skrini ya kompyuta hakifai. Hutumika miwani yenye kamera. Swali la msingi la tathmini ni rahisi: je, mkulima alitazama jina la mpokeaji na kiasi kabla ya kuingiza namba ya siri? Kama hakutazama, fedha zinaweza kwenda kwa mtu mwingine, na dawa ni kupanga upya ujumbe huo. Jibu linalopatikana kwa wanafunzi wa chuo wenye simu janja haliwezi kuchukuliwa kuwa la mkulima wa Matema au Ipinda. Hao nao wanapaswa kupimwa, kwa simu wanazotumia na kwa lugha wanayoisoma.