Bisibisi na Haki ya Kufungua: Historia Fupi ya Zana za Fundi wa Vyombo vya Nyumbani

Historia hupenda kuhesabu wafalme, vita na mapatano, na aghalabu huziacha zana ndogo pale zilipodondoka, sakafuni mwa karakana. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Wangaliweza kuongeza kwamba vilivyoundwa huharibika, na vikiharibika hutaka mkono wa kuviunda tena. Mkono huo hauendi mtupu. Fundi wa pasi, jokofu, redio na mashine ya kufulia huchukua mkoba, na ndani ya mkoba mna bisibisi za namna mbalimbali, koleo, spana, tupa, chuma cha kulehemu na kipimo cha umeme. Makala haya yanakusudia kueleza zana hizo zilitoka wapi, sababu gani zilizifanya ziwe jinsi zilivyo, na kwa nini habari zake zinamhusu hata mtu ambaye hajapata kushika bisibisi maishani mwake.

Lugha yetu yenyewe imehifadhi sehemu ya habari hizo. Nyundo ni neno la Kibantu la kale. Lihamu tulilipata kwa Waarabu. Spana na skrubu ni maneno ya Waingereza. Parafujo tuliachiwa na Wareno, pamoja na meza, gereza na leso. Wareno walifika pwani hii mwaka wa 1498, wakaanza kujenga ngome yao ya Mombasa mwaka wa 1593, nayo ikawatoka mikononi mwaka wa 1698. Mizinga yao ilinyamaza, lakini jina la kipande kidogo cha chuma likabaki vinywani mwa watu mpaka leo. Mtu akitaka kujua ni mataifa gani yamepita katika bandari zetu, hana haja ya kwenda mbali: na aketi karibu na fundi, asikilize jinsi anavyomwagiza mwanafunzi wake zana moja baada ya nyingine.

Tuanze na parafujo, kwa kuwa bila ya parafujo bisibisi haina kazi. Parafujo ni mteremko uliozungushwa juu ya kijiti cha chuma. Mikato yake inayozunguka ndiyo iitwayo hesi. Mkono hutembea mwendo mrefu wa kuzunguka, na parafujo husogea mwendo mfupi wa kuingia. Kwa hiyo nguvu ndogo ya mkono hugeuka nguvu kubwa ya kubana. Wayunani na Warumi wa kale waliijua hekima hii, wakaitumia kupandisha maji na kukamua zeituni. Lakini parafujo ndogo ya chuma, ya kuunganisha kipande na kipande, ilichelewa sana. Katika Ulaya ilianza kuonekana kwenye mavazi ya chuma ya askari, na kwenye bunduki na saa, katika karne ya 15 na ya 16. Kila moja ilichongwa kwa tupa na kwa jicho la fundi. Parafujo ya tundu moja haikuingia katika tundu la jirani yake, na fundi aliyefungua bunduki alilazimika kukumbuka kila moja imetoka wapi.

Waingereza wawili ndugu, Job na William Wyatt, walipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kukata parafujo za mbao mwaka wa 1760. Karibu na mwaka wa 1800 Henry Maudslay wa London alikamilisha mashine ya kukereza iliyoweza kukata hesi za chuma kwa usahihi, moja kama nyingine. Hapo tatizo likageuka sura. Kila kiwanda sasa kiliweza kutengeneza parafujo zinazofanana, lakini kila kiwanda kilizifananisha kwa kipimo chake. Mwaka wa 1841 Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya Maudslay, alipendekeza kipimo kimoja kwa Uingereza nzima, chenye hesi za pembe ya digrii 55. Mwaka wa 1864 William Sellers wa Philadelphia akawapendekezea Wamarekani kipimo chao, chenye pembe ya digrii 60. Tofauti ya digrii 5 ni ndogo machoni. Katika chuma ni ukuta.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mabishano ya wahandisi tu. Mwezi wa Februari 1904 moto mkubwa uliuteketeza mji wa Baltimore, katika Marekani. Wazima moto wa miji mingine walikuja kwa haraka na mashine zao, lakini viungo vingi vya mipira yao ya maji havikuingia katika mabomba ya Baltimore, kwa kuwa hesi zake zilikuwa za kipimo kingine. Majengo zaidi ya 1,500 yaliungua. Nia njema ilikuwapo, nguvu ilikuwapo, na maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni mapatano juu ya hesi. Katika Vita Kuu ya Pili tatizo lilirudi, kiwanda cha Packard cha Marekani kilipopewa kazi ya kutengeneza injini ya ndege ya Rolls-Royce, nacho kikalazimika kufuata hesi za Kiingereza. Mwaka wa 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana juu ya kipimo kimoja, na kipimo cha milimita kikaendelea kuenea katika sehemu nyingine za ulimwengu. Hii ndiyo sababu fundi wa kwetu, ambaye huletewa vyombo vya nchi nyingi na vya zama nyingi, hawezi kutosheka na seti moja ya spana. Spana malaya, ambayo mdomo wake hupanuka na kusinyaa, ilitengenezewa dunia ya namna hiyo. Ile tunayoijua zaidi ilitoka kwa Msweden, Johan Petter Johansson, aliyepata hati ya uvumbuzi wake katika miaka ya mwanzo ya 1890. Ni zana iliyozaliwa na machafuko ya vipimo, na machafuko yamempatia kazi mpaka leo.

Sasa tuitazame bisibisi. Mdomo wake wa kwanza ulikuwa bapa, kwa sababu mfuo mmoja ulionyooka ni rahisi kukata kwa msumeno. Kasoro yake yajulikana na kila aliyewahi kuitumia: huteleza, hukwangua chombo, na mara nyingine hupata nyama ya mkono. Mwaka wa 1908 Mkanada, Peter Robertson, alibuni parafujo yenye tundu la mraba, na bisibisi ikashika bila kuteleza. Kiwanda cha magari cha Ford kiliipenda, lakini Robertson na Henry Ford hawakupatana juu ya ruhusa ya kuitengeneza, na kwa hiyo parafujo nzuri ikabaki zaidi katika Kanada. Mwaka wa 1910 William Allen wa Hartford alipata hati ya parafujo yenye tundu la pembe sita. Katika mwaka wa 1936 Henry Phillips wa Oregon alipata hati za parafujo yenye tundu la msalaba, ile ambayo mafundi wetu huiita ya nyota. Viwanda vya magari viliichukua upesi, kwa maana bisibisi ya mashine hujipata yenyewe katikati ya msalaba, na kazi ikaenda mbio.

Fundi mwangalifu hujifunza kwamba hata nyota si moja. Vyombo vya Kijapani vilivyojaa majumbani mwetu kwa miaka mingi vilifungwa kwa parafujo za msalaba ambao umbo lake si sawa na la Phillips. Mtu akiingiza bisibisi ya Phillips kwa nguvu, hutafuna kichwa cha parafujo, na kazi ya dakika moja huwa ya alasiri nzima. Macho husema zinafanana; mkono husema sivyo, na katika ufundi mkono ndio huaminiwa.

Umeme ulipoingia nyumbani, zana zilipewa wajibu mpya. Pasi ya umeme ilipata hati ya uvumbuzi huko New York mwaka wa 1882, kwa jina la Henry Seely, na vyombo vingine vikafuata katika karne ya 20. Tangu hapo zana ya fundi ilikuwa haina budi kumlinda pia aliyeishika. Mpini wa plastiki peke yake si kinga. Bisibisi au koleo lililojaribiwa kwa kazi ya umeme huwa na alama ya pembetatu mbili na maandishi ya volti 1000. Lisilo na alama hiyo ni la kukazia tu, hata likipakwa rangi ya kupendeza. Hali kadhalika bisibisi ya kupimia umeme, yenye taa ndogo ya neoni mpinini, yataka kufahamiwa. Ndani yake mna kizuizi kikubwa kinachoacha umeme mdogo mno upite mwilini mwa mshikaji. Taa ikiwaka, umeme upo. Isipowaka, si hakika kwamba haupo. Wako waliopoteza maisha kwa kutoitambua tofauti ya maneno haya mawili. Tena tanuri la mawimbi huweza kuhifadhi chaji ya zaidi ya volti 2000 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Hapo zana ya kwanza ni maarifa, na koleo ni ya pili.

Kipimo kamili cha umeme nacho kina asili yake. Donald Macadie alikuwa mhandisi katika Posta ya Uingereza, naye alichoka kubeba kipimo kimoja cha nguvu ya umeme, cha pili cha mwendo wake, na cha tatu cha ukinzani wa waya. Akaviunganisha vyote katika kasha moja, na mwaka wa 1923 kasha hilo likaanza kuuzwa kwa jina la Avo. Liliendelea kutengenezwa mpaka mwaka wa 2008. Chuma cha kulehemu kilichokuwa kikipashwa moto wa makaa kilipata mwenzake wa umeme: mwaka wa 1921 Ernst Sachs wa Ujerumani alipata hati ya chombo cha namna hiyo kwa kazi ya viwanda. Lihamu ya kale, sehemu 63 bati na 37 risasi, huyeyuka kwa joto la digrii 183. Tangu mwaka wa 2006 Umoja wa Ulaya umezuia risasi katika vyombo vingi vya umeme kwa sababu ya sumu yake, na lihamu zilizoshika mahali pake huhitaji joto la karibu digrii 217 au zaidi. Sheria iliyotungwa Brussels, basi, imebadilisha joto la chuma katika kibanda cha Kariakoo.

Mpaka hapa habari ni za kupendeza: watu walitafuta mdomo bora, kipimo kimoja na mkono salama. Lakini katika miaka yetu kumeingia nia nyingine. Parafujo ya nyota ya ncha sita, iitwayo Torx, ilibuniwa mwaka wa 1967 ili ishike kwa nguvu; baadaye ikatolewa yenye kijiti katikati, ili bisibisi ya kawaida isiingie. Mashine nyingine za kahawa za Uswisi zimefungwa kwa parafujo zenye kichwa cha yai. Mwaka wa 2009 kampuni ya Apple ilianza kutumia parafujo ya petali tano, na baadaye ikaitia katika simu zake, wakati ambapo bisibisi yake haikupatikana kwa urahisi madukani. Parafujo hizi hazikazi vizuri kuliko zilizotangulia kwa kiasi cha kuhalalisha ugeni wake. Kazi yake kubwa ni kumwambia mwenye mali kwamba ndani ya mali yake hapakaribishwi.

Jambo hili ni zito kuliko ukubwa wa parafujo. Kwa tajiri jokofu bovu ni sababu ya kununua jipya. Kwa mama muuza maji baridi na barafu, jokofu ni duka lake, na juma moja bila fundi ni juma moja bila ada ya shule. Vyombo vingi vinavyofika kwetu vimekwisha kutumika Ulaya au Dubai. Maisha yake yaliyobaki yamo mikononi mwa mafundi wa Gerezani na Kamukunji. Si ajabu kumwona fundi wa hapo amechukua spoki ya baiskeli, akaipashia moto, akaiponda, akaichonga kwa tupa mpaka ikalingana na tundu ambalo kiwanda kilitaka lisifunguke. Wahunzi wa karne ya 16 walichonga bisibisi ili parafujo ifanye kazi. Huyu huchonga bisibisi ili apate kufanya kazi yeye. Ustadi wake wastahili sifa, lakini haifai sifa hiyo itusahaulishe kwamba amelazimishwa kurudi nyuma karne nne.

Ishara za mageuzi zimeanza kuonekana. Tangu Machi 2021 kanuni za Umoja wa Ulaya zinawataka wauzaji wa mashine za kufulia kuweka vipuri kwa muda wa miaka 10, na wa majokofu miaka 7, na kwamba vipuri hivyo viweze kubadilishwa kwa zana za kawaida. Katika mwaka huohuo Ufaransa ilianza kuvipa baadhi ya vyombo alama, juu ya 10, kwa wepesi wa kutengenezeka, na aina ya zana inayohitajika huhesabiwa ndani ya alama hiyo. Mwaka wa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya haki ya kutengenezewa. Maneno haya, zana za kawaida, yameingia katika sheria baada ya safari ndefu iliyoanza na Whitworth. Kwa upande wetu, nchi zinazonunua vyombo hivyo bila kuviunda zina sababu kubwa zaidi ya kuyadai bandarini, kabla mzigo haujashuka.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta: mithali hii huwafundisha watu wasichelewe kutengeneza. Lakini kuziba ufa kwataka mtu aruhusiwe kuufikia. Chuo cha ufundi kimpe kijana bisibisi, koleo, spana na kipimo, kimfundishe na sababu za kuwako kwake. Na mnunuzi, kabla ya kuulizia rangi ya chombo na bei yake, akipindue kwanza, azitazame parafujo zake. Zitamwambia kama chombo hicho kitakuwa mali yake siku kitakapoharibika.