Pink Floyd 1977: Ziara Iliyozaa Ukuta

Ziara ya Pink Floyd iliyoitwa In the Flesh ilianza Dortmund, Ujerumani Magharibi, tarehe 23 Januari 1977 na kumalizika Montreal, Kanada, tarehe 6 Julai mwaka huohuo. Ilikuwa ziara ya viwanja vilivyofurika na tiketi zilizogombaniwa. Wakati huohuo, wanamuziki wanne waliokuwa jukwaani walikuwa wameanza kuachana.

Bendi hiyo iliundwa London mwaka 1965. Kiongozi wake wa mwanzo, Syd Barrett, alitoka mwaka 1968 baada ya afya yake ya akili kudhoofika. Walibaki Roger Waters aliyepiga besi, David Gilmour wa gitaa, Richard Wright wa kinanda na Nick Mason wa ngoma. Kwa miaka kadhaa walipiga vyuoni na katika kumbi za wastani, mbele ya watu waliotulia kusikiliza tungo ndefu. Albamu ya The Dark Side of the Moon, iliyotoka mwaka 1973, iliwaondoa huko. Iliuzwa kwa mamilioni, kumbi zikawa ndogo, na wengi waliokuja walitaka nyimbo walizozizoea redioni, wakazipigia kelele hata katikati ya vipande vya taratibu.

Animals, albamu ya Januari 1977 iliyobeba ziara hiyo, ilikuwa tayari na mbegu za ugomvi. Waters aliitunga karibu yote. Wright hakutajwa kuwa mtunzi wa hata wimbo mmoja, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea. Fedha nazo zilichochea moto, kwa kuwa mirabaha iligawanywa kwa kuhesabu nyimbo, bila kujali urefu. Dogs, ambao Gilmour alishiriki kuutunga, una dakika 17 na unajaza karibu upande mzima wa santuri, lakini ulihesabika wimbo mmoja. Pigs on the Wing, kipande kifupi cha Waters, kiliwekwa nusu mwanzoni na nusu mwishoni mwa albamu, kikahesabika nyimbo mbili.

Jukwaani, nguruwe mkubwa wa puto alielea juu ya vichwa vya watazamaji, na Snowy White aliongezwa kupiga gitaa la pili. Waters alipiga akiwa amevaa spika za masikioni. Alizoea kufika uwanjani peke yake na kuondoka mara onyesho lilipokwisha. Wright alifikia hatua ya kurudi Uingereza katikati ya ziara, akitishia kujitoa.

Huko Amerika Kaskazini mambo yalizidi kuwa magumu. Katika viwanja vya michezo, watu wa nyuma waliwaona wanamuziki kama vidoa, na wa mbele walilipua fataki wakati nyimbo zikiendelea. Onyesho la mwisho lilifanyika katika uwanja wa Montreal uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1976. Usiku huo Waters alimtemea mate usoni shabiki mmoja aliyekuwa akipiga makelele karibu na jukwaa. Gilmour hakupanda kupiga wimbo wa nyongeza wa mwisho, akawaachia wenzake.

Waters alishtushwa na kitendo chake mwenyewe. Akapata wazo la onyesho ambalo ukuta ungejengwa kati ya bendi na watazamaji. Wazo hilo likawa The Wall, albamu iliyotoka tarehe 30 Novemba 1979. Wakati wa kuirekodi, Waters alishinikiza Wright aondolewe. Wright akabaki kama mpiga kinanda wa kulipwa mshahara.

Maonyesho ya The Wall yalikuwa 31 tu, kati ya Februari 1980 na Juni 1981, katika miji ya Los Angeles, Uniondale karibu na New York, London na Dortmund. Mafundi walipanga matofali ya kadibodi tofali juu ya tofali huku muziki ukipigwa, na kufikia mapumziko bendi nzima ilikuwa imefichwa. Baadaye Gilmour alitokea juu kabisa ya ukuta kupiga gitaa la wimbo wa Comfortably Numb, na mwishoni ukuta ulibomolewa. Gharama zilipita mapato. Wright, mwenye mshahara wake, ndiye pekee kati ya wanne aliyetoka na faida, na hasara ikawaangukia waliomwondoa.

Albamu ya The Final Cut ya mwaka 1983 ilitoka bila Wright. Waters alijitoa mwaka 1985, kisha akawashtaki wenzake kuhusu haki ya kutumia jina la bendi, lakini Gilmour na Mason waliendelea nalo na Wright akarejea kwao. Wote wanne walipiga pamoja kwa mara ya mwisho Hyde Park, London, tarehe 2 Julai 2005, katika tamasha la Live 8. Wright alifariki dunia mwaka 2008.

Vipaji havikupungua katika bendi hiyo, wala mashabiki. Iliangushwa na mgao wa fedha uliolalamikiwa, maamuzi yaliyoshikwa na mtu mmoja, na manung'uniko yaliyoachwa yakue bila kusemwa hadi yalipofika jukwaani.