Bega Lililoogopa

Miezi mitatu baada ya bega langu la kulia kuteguka uwanjani Mnero, maumivu yalikuwa yamepungua, ila hofu ilibaki. Nilikula, nikachota maji na kupepeta ufuta kwa mkono wa kushoto. Mpira ukipita juu ya wavu, mkono wa kulia ulijibana ubavuni wenyewe.

Mtaalamu wa mazoezi tiba aliniinamisha, mkono mzima ukiegemea meza. "Mdogo wangu, huo mwingine uache uning'inie kama ndoo kisimani. Usiuinue." Niliyumbisha mwili, mkono ukafuata: mbele, nyuma, kisha duara ndogo. Nilitokwa jasho kwa woga, lakini bega halikuchomoka.

Baadaye nilitafuta asili ya zoezi lile. Linajulikana kwa jina la Ernest Amory Codman, daktari mpasuaji wa Boston, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu bega mwaka 1934. Mgonjwa akiinama, uzito wa mkono hulivuta bega taratibu, misuli ikipumzika. Codman ndiye pia aliyekosana na madaktari wenzake kwa kudai kila mgonjwa afuatiliwe baada ya matibabu, ijulikane kama amepona kweli.

Katika jimbo hilohilo la Massachusetts, mjini Holyoke, William G. Morgan alibuni mpira wa wavu mwaka 1895. Alitaka mchezo wa watu wazima usio na kugongana kama mpira wa kikapu. Mchezo wa upole! Leo tunaruka na kuupiga mpira kwa nguvu zote, na bega ndilo linalolipa.

Hofu yangu nayo ilipewa jina na watafiti wa Marekani mwaka 1990: kinesiofobia, woga wa kujongea kwa kudhani utaumia tena. Maumivu huleta woga, woga hukufanya ukae bila kujongea, misuli hudhoofika, kiungo hukakamaa, na maumivu hurudi. Kwa hiyo tiba si kukemewa ujikaze. Ni ngazi: kuning'iniza mkono, kupandisha vidole ukutani, kuvuta mpira wa baiskeli uliofungwa mlangoni, kurusha mpira ukutani, na mwisho wavu. Hupandi ngazi ya pili mpaka mwili uone kwamba ya kwanza haikuua.

Wavu niliufikia baada ya wiki nyingi. Kabla yake, jioni moja, mama alinikabidhi ndoo bila kusema neno. Niliipokea kwa mkono wa kulia.