Dripu ya Bibi
Bibi alipokaribia kukata roho kule Msangeni, mjomba alitaka atundikiwe dripu. “Tusionekane tumemwacha.”

Imani hiyo ina historia. Mwaka 1832, huko Leith, Uskoti, daktari Thomas Latta aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mishipani. Baadhi, waliokuwa kama maiti, wakafumbua macho. Dripu ikawa tumaini.

Lakini mwili unaozimika hauhitaji maji mengi. Ya ziada huweza kujaa mapafuni. Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, alifungua hospisi ya St Christopher’s London mwaka 1967. Anne Merriman akaanzisha ya Kampala mwaka 1993, kwa morfini ya kunywa.

Muuguzi alichovya pamba, akamlowesha Bibi midomo. Kisha akampa mjomba pamba.