Neno "Habari" katika Magazeti ya Kale

Usharika unapotimiza miaka mia moja, swali la kwanza linalosikika midomoni mwa washarika ni hili: habari za waliotangulia ziko wapi? Baadhi zimo katika vitabu vya ubatizo na ndoa. Nyingine zimo vichwani mwa wazee. Nyingine zilichapwa katika magazeti ya Kiswahili ya misheni na serikali, na humo neno "habari" lenyewe lina historia yake, ambayo yafaa ikumbukwe katika sherehe kama hii.

Neno hilo lilitoka katika Kiarabu, na zamani wengine waliliandika "khabari", kama lilivyoandikwa katika kitabu cha desturi za Waswahili alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Magazeti ya misheni yalikuwa yamekwisha kuanza kabla ya hapo. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilitoa Msimulizi huko Unguja tangu mwaka 1888, na katika miaka ya 1890 kituo cha Magila, katika nchi ya Bonde, kikatoa Habari za Mwezi. Katika jina hilo maana ni nyepesi: ni mambo yaliyotokea tangu mwezi uliopita.

Lakini mtambo huohuo wa Magila ulichapa pia Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi, mwandishi Mwislamu, juu ya ukoo uliotawala Usambara. Hapo habari si jambo la juzi, bali ni masimulizi ya vizazi. Msomaji wa Magila hakuona shida. Kwake, jambo la jana na jambo la mababu yalikuwa na jina moja, kwa kuwa yote mawili yalipaswa kupokewa kwa mtu aliyeyajua, kisha kufikishwa kwa mwingine bila kupotoshwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilitolewa na shule ya serikali ya Kijerumani huko Tanga. Mwaka 1910 Walutheri nao walikuwa na Pwani na Bara, lililotolewa Dar es Salaam chini ya Martin Klamroth wa Misheni ya Berlin. Jina lake lilitaja kazi yake, yaani kuwaunganisha wasomaji wa pwani na wa bara kwa lugha moja. Vita vya 1914–1918 viliyakatisha magazeti hayo. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo, na barua za wasomaji zikaendelea kuleta mambo ya miji na vijiji. Hapo kupasha habari kulikuwa wajibu wenye hatari yake, maana aliyeandika juu ya mji wake alisomwa na majirani zake, na uongo ungejulikana upesi.

Matumizi mengine yalikuwa ya kimyakimya. "Sina habari" ni kukiri kutokujua. "Hana habari" ni lawama kwa mtu asiyejali. "Kwa habari ya" ni njia ya kuingia katika jambo. Wasomaji wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, wanaifahamu njia hiyo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, pale Mtume Paulo anapojibu mambo aliyoandikiwa, kama mhariri anavyojibu barua za wasomaji wake.

Kuna na habari ya salamu. Mtu huulizwa "Habari?" naye hujibu "Njema", hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Baada ya jibu hilo ndipo huketi na kueleza yaliyompata. Desturi hiyo inafundisha kwamba habari haikamiliki kwa neno la kwanza.

Fundisho hilo linahusu pia magazeti yenyewe. Walioandika humo walikuwa hasa wanaume waliosoma shule: walimu, makarani na watumishi wa misheni. Mama aliyewafundisha watoto wake sala, na mzee aliyebeba mawe ya msingi wa kanisa pasipo kujua kusoma, hawakuandika barua kwa mhariri. Gazeti likijibu "njema", si kwamba yote yamekwisha kusemwa. Kila mwaka mzee mmoja anapolala mautini, sehemu ya habari hizo huzikwa pamoja naye.

Katika Union Version Mwinjili Luka anaanza kitabu chake kwa kutaja watu waliotunga habari za mambo yaliyotimizwa, kisha anaeleza kwamba naye amejitafutia usahihi wake. Katika sura ya pili ya kitabu hichohicho, malaika anawaletea wachungaji habari njema. Habari ya kuchunguzwa na habari ya kuhubiriwa zimekaa katika kitabu kimoja, chini ya neno moja. Usharika unaohubiri ya pili una deni la kuitunza ya kwanza, na kalamu na daftari mbele ya mzee aliye hai ni mwanzo wa kulilipa.