Dhamana ya Kukaa: Ukosefu wa Makazi na Wajibu wa Jamii katika Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Ukosefu wa makazi katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni mambo mawili yasiyohusiana: kwa upande mmoja wako watoto na vijana wanaolala kwenye vibaraza vya maduka, ambao hutazamwa kama tatizo la usafi na usalama wa mji, na kwa upande wa pili wako wakimbizi wa ndani, yaani watu waliong'olewa makwao na vurugu, mafuriko au amri ya serikali bila kuvuka mpaka wa nchi, ambao hutazamwa kama tatizo la siasa au la majanga. Makala haya yanapinga mgawanyo huo. Hoja yake kuu ni kwamba makundi haya mawili yamepoteza kitu kimoja, nacho ni dhamana ya kukaa: kule kuwa na watu na taasisi zilizo tayari kutamka hadharani kwamba mtu fulani ni wa hapa na ana haki ya kubaki hapa. Aghalabu paa huondoka baada ya dhamana hiyo kuondoka, na ndiyo maana msaada unaoanza na kuishia kwenye mablanketi, unga na mahema hauwezi kuimaliza hali yenyewe, hata unapotolewa kwa moyo safi.

Maana ya ukosefu wa makazi

Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 2021 linaueleza ukosefu wa makazi kuwa ni hali ya mtu au kaya kukosa nafasi inayofaa kuishiwa na binadamu, jambo linaloweza kudhoofisha uwezo wake wa kuwa na mahusiano ya kijamii. Maelezo hayo yanawajumuisha wanaolala barabarani na katika majengo yasiyokusudiwa kuishiwa, pamoja na walio katika makazi ya muda, na yanaziachia nchi nafasi ya kuwahesabu pia wanaoishi katika nyumba duni zisizo na uhakika wa umiliki au upangaji. Kwa kipimo hicho, mama anayeishi na wanawe kando ya jaa la taka la Gioto mjini Nakuru, mkulima aliyehamia kwenye hema baada ya kufurushwa kutoka Msitu wa Mau, na familia ya Kihoto, Naivasha, ambayo nyumba yake imeingiwa na maji ya ziwa, wote wamo katika uchambuzi mmoja.

Katiba ya Kenya ya 2010 inaunga mkono mtazamo huo mpana. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha, na Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya malazi. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell iliyoamuliwa Januari 2021, ilikwenda mbele zaidi ilipokubali kwamba watu wasio na ardhi wanaokalia ardhi ya umma wanaweza kupata haki ya makazi inayostahili kulindwa, ingawa hawana hatimiliki. Sheria, kwa hiyo, imekwisha kutambua kwamba kukaa kwenyewe kunaweza kuzaa haki. Kinachobaki nyuma ni mazoea ya utawala na, wakati mwingine, mazoea ya majirani.

Historia ya kung'olewa

Hali ya sasa haieleweki bila kuitazama historia ya ardhi ya eneo hili. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, na Waafrika walioletwa au waliokuja kufanya kazi katika mashamba hayo wakawa maskwota, yaani wakazi walioruhusiwa kulima na kufuga kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba. Sheria ya 1918 iliwadai kazi ya siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na ile ya 1937 ikawapa walowezi uwezo wa kupunguza mifugo na mashamba yao. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika utafiti wake wa 1987 kuhusu maskwota wa Nakuru na chimbuko la Mau Mau, ameonyesha jinsi ubanaji huo ulivyowafanya watu waliozaliwa mashambani humo kuwa wageni katika ardhi waliyoilima maisha yao yote. Olenguruone, ambako baadhi yao walipewa makazi mnamo 1941, ilifungwa kwa nguvu kufikia 1950 na wengi wakapelekwa Yatta.

Uhuru haukuukata mnyororo huo. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika, na wanachama wengi walikaa kwa miaka mingi wakiwa na vyeti vya hisa tu, bila hatimiliki. Vurugu za kikabila za 1991 hadi 1993, zilizozikumba Molo, Olenguruone, Burnt Forest na Enoosupukia, ziliwang'oa watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na zaidi ya 600,000 walihama makwao; uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kuwa mojawapo ya kambi kubwa zaidi. Ufurushaji wa Msitu wa Mau wa 2009, 2018 na 2019, ingawa ulitetewa kwa sababu nzito za kuhifadhi chemchemi za mito, uliongeza kambi nyingine kandokando ya msitu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliamua Mei 2017 kwamba Waogiek, wakazi wa asili wa msitu huo, walikuwa wamekiukiwa haki zao, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Hata hivyo, Novemba 2023 familia za Waogiek zilifurushwa tena huko Sasimwani.

Maji nayo yameshika zamu yake. Bwawa la Patel huko Solai lilipopasuka tarehe 9 Mei 2018 liliua zaidi ya watu 40 na kuziacha familia nyingi bila nyumba. Mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 2024 yalifanya vivyo hivyo. Na kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kumezihamisha kaya kutoka kingo za Naivasha, Nakuru na Baringo. Sababu zinatofautiana, lakini katika kila tukio wanaoumia zaidi ni wale ambao kukaa kwao hakukuwa na ushahidi wa maandishi, kwa maana hao ndio wanaokosekana kwenye orodha za fidia.

Kutoka chumba cha kupanga hadi barabarani

Mjini, dhamana ya kukaa hupotea taratibu zaidi. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ilikuwa na watu 570,674 katika sensa ya 2019, na wapangaji wengi wa kipato cha chini huishi katika vyumba vya Kaptembwa, Rhonda, Kivumbini na mitaa mingine ya aina hiyo. Mfanyakazi wa kibarua anayeugua kwa wiki kadhaa hushindwa kulipa kodi, mwenye nyumba hufunga mlango kwa kufuli, vyombo huzuiliwa, na ili kuingia chumba kingine hutakiwa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana inayolingana nayo, fedha ambazo aliyeshindwa na kodi ya mwezi mmoja hawezi kuwa nazo. Sheria ya udhibiti wa kodi inakataza kumwondoa mpangaji bila idhini ya baraza la upangaji, lakini inahusu nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichopitwa na wakati kiasi cha kuwaacha wapangaji wengi wa leo nje ya ulinzi wake.

Jamaa huwapokea baadhi yao kwa muda. Wengine huishia barabarani, na huko dhamana iliyobaki humalizika. Sensa ya taifa ya familia za mitaani ya 2018 iliwahesabu watu 46,639 nchini, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa kaunti zenye idadi kubwa zaidi. Kijana wa mitaani anapotimiza miaka 18 huhitaji kitambulisho cha taifa, lakini ili kukipata hutakiwa cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na uthibitisho wa chifu au naibu wake. Asiye na mzazi wala mtaa unaomjua hana wa kumthibitisha, na bila kitambulisho hawezi kuajiriwa rasmi, kusajili laini ya simu wala kupanga chumba kwa jina lake.

Jinsi mtu asiye na dhamana anavyoweza kutendewa ilidhihirika Februari 2019, watoto na vijana wa mitaani wa Nakuru walipokamatwa usiku, wakapakiwa garini na kuachwa karibu na msitu wa Chemususu katika kaunti jirani ya Baringo. Kisa hicho kililaaniwa nchini kote na kufikishwa mbele ya Seneti. Ukatili wake haukuwa katika baridi ya msitu peke yake, bali pia katika dhana iliyouzaa: kwamba wapo watu wanaoweza kuondolewa mjini kama taka, kwa sababu hakuna atakayeuliza wamekwenda wapi.

Yale ambayo jamii inaweza

Ikiwa kinachopotea kwanza ni dhamana, basi jamii ina nafasi ambayo serikali haiwezi kuijaza kwa bajeti tu. Nafasi hiyo ina sehemu tatu: kuzuia, kushuhudia na kuchanga.

Kuzuia ni kumshika mtu kabla hajaanguka. Vyama vya kuzungushiana fedha, vikundi vya wanawake, jumuiya ndogondogo za makanisa na kamati za misikiti tayari huchangia mazishi na matibabu kwa ustadi mkubwa. Kinachohitajika ni kuitambua kodi ya nyumba ya mgonjwa au mfiwa kuwa dharura ya namna hiyohiyo. Kodi ya mwezi mmoja inayolipwa kwa wakati ni nafuu kuliko gharama yoyote ya kumrudisha mtu kutoka barabarani, na mjumbe wa kikundi anayezungumza na mwenye nyumba kwa niaba ya jirani yake huwa amemrudishia mpangaji huyo dhamana yake.

Kushuhudia ni kuthibitisha kwa sauti na kwa maandishi. Mzee wa mtaa, mwalimu wa shule ya msingi, mhudumu wa afya ya jamii na kiongozi wa dini wanaweza kumsindikiza kijana hadi ofisi ya chifu, kusaidia kutafuta cheti chake cha kuzaliwa na kumwombea nafasi shuleni. Vilevile wakazi wanaweza kujihesabu wenyewe, kama ambavyo Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa vitongoji duni lililoanzishwa mwaka 1996, limekuwa likifanya, ili ufurushaji unapokuja pawepo daftari linaloonyesha nani alikaa wapi na tangu lini. Umuhimu wa daftari kama hilo ulionekana baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007. Zaidi ya watu 300,000 waliokimbia hawakuingia kambini, bali walipokewa na jamaa au walipanga vyumba mijini, na kwa kuwa misaada ilifuata kambi, wengi wao walisahauliwa.

Kuchanga ni kugeuza kidogo cha kila mmoja kuwa kikubwa cha wote. Serikali ilipozifunga kambi kwa Operesheni Rudi Nyumbani iliyoanza Mei 2008, kaya zilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa zile ambazo nyumba zao ziliteketezwa. Kwa kaya moja, fedha hizo zilitosha chakula na kodi ya muda mfupi. Lakini vikundi vya wakimbizi wa ndani vilivyofika Mai Mahiu viliziweka pamoja na kununua ardhi, na kutokana nazo vikazaliwa vijiji kama Jikaze na Vumilia Eldoret. Maisha huko yalikuwa magumu, maji yalikuwa ya shida na mahema yalidumu kwa muda mrefu. Hata hivyo, watu waliokuwa namba katika orodha ya kambi walikuwa wamejifanya wadhamini wa wenzao, na misaada ya ujenzi iliyofuata iliwakuta wakiwa na mahali pa kujengewa.

Pingamizi na mipaka

Pingamizi la kwanza husema kwamba ukarimu huongeza idadi ya wahitaji. Uzoefu wa Ufini, ambayo tangu 2008 imefuata sera ya kumpa mtu nyumba kwanza bila kumtaka aache pombe au apate kazi kabla ya kuingia, unaonyesha kinyume chake, kwani ukosefu wa makazi wa muda mrefu ulipungua nchini humo. Nakuru haina akiba ya nyumba za umma kama ile ya Ufini, na nyumba 605 za mradi wa Bondeni, au nyingine zinazojengwa chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, haziwezi kumfikia asiye na kipato cha kulipa kila mwezi mpaka sehemu yake itengwe kwa kodi ya chini kabisa. Kanuni yenyewe, hata hivyo, inahamishika: utulivu wa makazi ndio unaomwezesha mtu kujirekebisha.

Pingamizi la pili hudai kwamba kila mtu arudi kwao. Dai hili ni zito zaidi, kwa sababu limewahi kutumiwa kuwasha moto. Mtu aliyezaliwa Molo au Kaptembwa, ambaye wazazi wake nao walizaliwa huko, hana kwao kwingine, na mwaka 2008 wapo waliosafirishwa hadi wilaya za mababu ambako hawakuwa na shamba wala jamaa wa kuwatambua. Hapa ndipo mpaka wa hoja ya makala haya unapoonekana. Jamii ileile inayoweza kudhamini inaweza pia kukana, kwa kuwa nyumba nyingi zilizochomwa 2008 zilichomwa na majirani au kwa kuelekezwa na majirani. Dhamana ya kabila moja kwa watu wake ni uzio tu unaomwacha jirani mwingine nje. Ushahidi unaofaa ni ule unaovuka kabila na dini, na unaosimama juu ya sheria ambayo haitegemei hisani ya mtu yeyote.

Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, wajibu unagawanyika waziwazi. Serikali ya taifa inapaswa kuitekeleza kikamilifu Sheria ya Wakimbizi wa Ndani ya 2012, ambayo inawahusu pia wanaohamishwa na majanga na miradi, na kurahisisha vitambulisho kwa vijana wasio na wazazi. Kaunti inapaswa kuacha kabisa misako ya usiku, kutenga ardhi na nyumba za kodi ya chini, na kuwaingiza wasio na makazi katika mipango na bajeti zake. Mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi ya watoto wa 2022 hadi 2032, unaolenga kuwatoa watoto katika vituo na kuwarejesha katika malezi ya kifamilia, hauwezi kufaulu bila mitaa iliyo tayari kuwapokea. Jamii nazo zinapaswa kuanza na watu wanaoonekana kila siku: kujua majina yao, kuwaandikisha, kuwasemea mbele ya chifu na mwenye nyumba, na kuwaingiza katika vikundi vya kuchangiana kama wanachama wenye haki sawa. Nyumba hujengwa kwa mawe na mabati, lakini haki ya kukaa ndani yake huanza pale watu wengine wanapokubali kusimama na kusema kwamba huyu ni mwenzao.